Sumaku Kifuani

Nateete, Kampala
14 Februari 2024

Mdogo wangu Abubakar,

Assalamu alaykum. Natumaini uko mzima huko Doha na kwamba ile baridi ya alfajiri uliyokuwa ukimlalamikia Mama imepungua. Sisi hapa hatujambo. Presha ya Mama imetulia tangu tulipomkamata akijitilia chumvi kwa kificho. Duka la marehemu Baba bado lipo palepale nyuma ya kituo cha teksi, na vitenge vinatoka polepole. Barua hii anakuletea Anena, jirani yetu, ambaye likizo yake imekwisha na anarudi kazini huko.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nimeacha kupokea simu zako kwa makusudi. Mara ya mwisho nilikuuliza swali moja, ukaanza kunisimulia chakula cha kambini, kisha mtandao ukawa mbaya. Karatasi haina mtandao.

Kwanza habari yangu. Mama amekwambia nimepata "matibabu," kwa sababu neno kifafa halijawahi kupita mdomoni mwake tangu nilipoanza kuanguka nikiwa darasa la nne. Ukweli ni kwamba nimepasuliwa. Madaktari waliokuja na mradi wa kutibu kifafa wamenitia kifaa chini ya ngozi, kifuani upande wa kushoto, kikubwa kama saa ya mkononi ya mwanamume. Waya mwembamba unapanda mpaka shingoni, umezungushwa kwenye mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo. Kila baada ya dakika chache kinapeleka umeme kidogo kuutuliza ubongo usije ukawaka. Wakati huo sauti yangu inakwaruza kama ya mzee mvuta tumbaku, kisha inarudi.

Wamenipa na sumaku. Nikisikia kifafa kinakuja, nawe unajua kwangu huanza na harufu ya nywele zinazoungua, naipitisha sumaku haraka juu ya kifaa, nacho kinapeleka umeme wa ziada kukikata kifafa njiani. Lakini nikiibandika pale na kuiacha, kifaa kinanyamaza kabisa mpaka niitoe. Daktari Akullo, anayenitazama kliniki ya Mulago, amenionya nisijidanganye. Vidonge naendelea navyo, nguvu ya umeme itaongezwa kidogo kidogo kwa miezi, na kuanguka kutapungua, pengine kusiishe.

Sasa nikukumbushe, maana unapenda kusahau. Asuman, aliyekuwa mume wangu na rafiki yako, alisimama mlangoni mwa jiko letu kule Bugolobi nikiwa chini natetemeka, akanipiga video. Hakunigeuza ubavu. Hakuondoa sufuria ya chai iliyokuwa ikichemka karibu na kichwa changu. Sauti ya Shamsia inasikika ikisema, "Baba, mshike Mama," naye anaendelea kupiga. Video ile akawaonyesha wazee wa familia zetu mbili, akasema mwanamke mwenye majini hafai kuolewa wala kulea. Wazee wakaitazama mpaka mwisho, wakampa mtoto. Shamsia alikuwa na miaka sita. Sasa namwona sikukuu kwa sikukuu, tena mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mtu mwingine.

Watu wanadhani nilikubali kupasuliwa kwa ajili ya afya. Nilikubali ili siku moja nisimame mbele ya Asuman bila kuanguka. Siku hiyo atanilipa. Kwa njia gani, bado sijajua.

Nijibu hili tu: bado unaongea naye?

Dada yako,
Ruqayya


Doha, 22 Machi 2024

Dada yangu Ruqayya,

Wa alaykum salaam. Nashukuru kwa barua. Anena aliniletea mpaka kambini pamoja na karanga za Mama, nazo wenzangu wamezimaliza. Ramadhani hii nafuturu langoni, kwa sababu zamu yangu inaanza kabla ya magharibi. Jengo ninalolinda lina vioo kila upande, na kazi yangu kubwa ni kuwaambia watu wasiegemee.

Habari ya kupasuliwa imenishtua. Ulipaswa kuniambia mapema, ningekuombea. Nilipoisoma nilikumbuka tulivyokuwa tukirudi shuleni, mimi nikibeba sweta langu mkononi hata kwenye baridi, ili ukianguka niwe na kitu cha kukuwekea chini ya kichwa. Mwalimu alinichapa akidhani nakataa sare. Sumaku hiyo iweke mahali ambapo Mama hataifungia na vijiko.

Kuhusu Asuman, dada, mwachie Mungu. Wewe sasa unapona. Hasira si nzuri kwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Ukifika wakati mzuri, mambo ya Shamsia yatazungumzwa.

Nisalimie Mama. Mwambie nimenunua viatu vipya.

Mdogo wako,
Abubakar


Nateete, 9 Mei 2024

Abubakar,

Salaam. Mama hajambo. Tulisherehekea Idi vizuri, pilau ikaungua kidogo chini kama kawaida yake. Kliniki wameniongezea nguvu ya umeme. Kuanguka kumepungua kweli, na nikianguka naamka upesi, sipotezi tena nusu siku nikitafuta jina langu.

Hukunijibu. Ulinipa viatu na vioo. Nimelipata jibu kwingine.

Jana Mama alikuwa anachambua mchele, akasema kama anayejisemea kwamba Mjomba Shakib atahitaji kanzu mpya ya kupelekea posa. Nikamuuliza posa ya nani. Akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nilimwondolea ungo magotini, ndipo akasema: unamposa Zulaikha, dada mdogo wa Asuman.

Nimeketi na jambo hili tangu jana. Kampala nzima ina wasichana. Umekwenda kuchagua kwenye nyumba ile. Baba yao amekufa, kwa hiyo Asuman ndiye atakayepokea wageni, ndiye atakayekaa mbele, na wajomba zangu watamwinamia wakiomba. Watu walewale walioitazama video yangu watakula nyama yake.

Mlianza lini? Nikiwa hospitali? Au siku zile nilipokuwa nasimama chini ya ghorofa zao kule Bugolobi nikimsubiri Shamsia apite?

Usiniandikie habari za viatu.

Ruqayya


Doha, 30 Juni 2024

Dada yangu,

Amani iwe nanyi. Hapa joto limeanza lile la kuzuia watu kufanya kazi nje mchana.

Ni kweli namposa Zulaikha. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaumia, na pia kuna jambo ambalo si langu kulisema. Naomba usiniulize ni jambo gani. Zulaikha si Asuman. Alikuwa bado msichana wa shule wakati yale yanatokea, na hakuna aliyemuuliza maoni yake.

Najua haitoshi. Sina zaidi ya kuandika.

Mlezi wangu bado ni wewe, hata ukikataa simu zangu.

Abubakar


Nateete, 15 Septemba 2024

Abubakar,

Salaam kutoka kwa Mama, ambaye goti linamsumbua lakini hataki kumwambia daktari. Mvua zimeanza na maji yameingia stoo, tumeokoa vitambaa vingi. Mengine ni haya.

Latifah alikuja dukani. Ndiye mke aliyeolewa baada yangu, sina haja ya kukueleza. Alikuja mchana, amejifunika mpaka machoni, akajifanya anachagua kitenge. Wateja walipotoka akaanza kulia bila sauti. Mtoto wake Hasifah, ambaye bado hajatimiza miaka minne, anaanguka. Macho yanageuka, mkono unaruka, povu. Asuman amemfungia ndani. Ameleta watu wa kumsomea dua na kumfukiza moshi mpaka mtoto anakohoa, na amekataza neno hospitali, kwa sababu majirani watauliza na wateja wake watasikia. Latifah alinijia kwa kuwa hakumjua mtu mwingine wa kumuuliza.

Nitakuambia kweli: nilifurahi. Si kwa ajili ya mtoto, Mungu anajua, lakini furaha ilinipanda kabla sijapata muda wa kuizuia. Niliketi nikamtazama Latifah akilia, nikamwacha alie. Kisha nikamwambia, "Niletee Shamsia. Siku utakayomleta Hasifah kliniki, uje na mwanangu. Bila hivyo sikujui."

Alisema Asuman akigundua atamfukuza. Nilimwambia mimi alinifukuza na bado naishi.

Alikuja, Abubakar. Alimwambia mume wake anakwenda kwa mama yake, akaja Mulago na watoto wote wawili. Shamsia amekuwa mrefu. Aliketi mwisho kabisa wa benchi, akaweka mkoba kati yetu. Nilipokohoa kwa sababu ya kifaa alisimama upesi na kurudi nyuma, macho yake yakiwa mikononi mwangu, akingoja nianze. Wamemfundisha hivyo. Nilimpa chapati, akaipokea kwa ncha za vidole.

Daktari Akullo alimpima Hasifah, akasema watoto wengi wa namna hii hutulia kwa dawa tu, hawahitaji kufikia kifaa kama changu. Akauliza kama kuna mwingine katika ukoo anayeanguka. Latifah alikuwa ameniomba niingie naye. Alitazama chini, akasema, "Shangazi yake. Zulaikha. Wanamficha tangu utoto."

Umesikia? Mchumba wako anaanguka kama mimi. Asuman aliyesema mwenye ugonjwa huu hafai kuolewa wala kulea, ana dada mwenye ugonjwa huohuo nyumbani kwake, na anakupa wewe bila kukuambia.

Mungu ameniwekea kisu mkononi. Posa inapelekwa Novemba, na nimemwambia Mjomba Shakib kwamba nitakwenda na wanawake. Alishangaa, akafurahi, akadhani nimesamehe. Wazee wote watakuwepo. Nitasimama na nitasema. Nawe utanishukuru au hutanishukuru, ni juu yako.

Ruqayya


Doha, 27 Oktoba 2024

Dada yangu Ruqayya,

Salaam. Barua yako imechelewa sana, aliyeibeba alipita kwanza Dubai. Nimempigia Mama nikamwomba akuambie usubiri barua yangu kabla ya posa, na sikuweza kumweleza sababu. Anena anakuja nyumbani mwanzoni mwa Novemba. Nimemwomba akukabidhi hii mkononi.

Jambo nililokuambia si langu kulisema ndilo hilo umelijua. Zulaikha aliniambia mwenyewe, kabla sijamtamkia neno la ndoa. Alinipigia simu akasema, "Nasikia unaniulizia. Mimi naanguka. Sasa amua." Nilimjibu kwamba nimekulia nyumba moja na mtu anayeanguka, na nilichojifunza ni kubeba sweta. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

Asuman hajui kwamba najua. Anaamini ananipa dada yake huku ameficha kilema, na kila akinipigia anazidi kuwa mpole. Nimemwacha aendelee kujidhalilisha. Unaona, sina moyo safi kama unavyodhani.

Lakini siri ni ya Zulaikha. Hajaitoa kwa mtu mwingine, na Latifah hakuwa na ruhusa ya kuitoa. Ukiitaja mbele ya watu utakuwa umempiga video, dada. Asuman ataona aibu wiki moja. Yeye atabaki nayo maisha yake yote.

Nisubiri nirudi. Mimi mwenyewe nitamkabili Asuman juu ya Shamsia. Nakuomba kama ninavyomwomba Mama.

Abubakar


Nateete, 21 Novemba 2024

Abubakar,

Salaam. Mama hajambo, ingawa haongei nami tangu Jumamosi. Posa yako imepokelewa. Barua yako imenifikia jana. Mwajiri wa Anena alimzuia, akaja posa ikiwa imeshapita. Mama alikuwa ameniambia nisubiri, nami sikusubiri. Kwa hiyo nakueleza yalivyokwenda, usije ukayasikia yamepotoshwa.

Tulifika Bugolobi baada ya adhuhuri. Wanaume waliketi sebuleni kwenye mikeka, sisi wanawake upande wa dirishani. Zulaikha alikuwa chumba cha ndani, pazia likiwa limeshushwa. Asuman alivaa kanzu nyeupe na koti, akawapokea wajomba kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake. Mjomba Shakib aliomba kwa maneno mazuri. Asuman akakubali. Wakasoma fatiha.

Kabla hatujatoka nyumbani nilikuwa nimeibandika sumaku kifuani kwa plasta, chini ya gauni la busuti. Sikutaka sauti ikwaruze katikati ya neno, wakasema hayo ndiyo majini yake. Nilijua maana yake. Kifaa kilikuwa kimenyamaza, na kama kifafa kingekuja hakuna ambacho kingekizuia.

Fatiha ilipokwisha nikasimama. Mjomba alidhani nataka kuombea maharusi dua, akaniashiria niseme.

Nikasema, "Asuman, hawa ndio wazee uliowaonyesha video yangu. Waambie tena ni ugonjwa gani ulionifanya nisifae kulea mtoto."

Alijibu kwamba hapa si mahali pake. Baadhi ya wazee wakamuunga mkono. Sikuketi.

"Waambie," nikasema. "Mwanamke mwenye ugonjwa ule anafaa kuolewa, au hafai? Anafaa kuzaa na kulea, au hafai? Ulilijua jibu siku ile. Liseme na leo."

Alimtazama Latifah, aliyekuwa ameketi karibu na magoti yangu. Latifah hakuinamisha macho. Hapo ndipo Asuman alipoelewa. Nilimwona akielewa, Abubakar. Mikono yake ilianza kutafuta mahali pa kukaa, kwenye goti, kwenye mkeka, kwenye kofia. Akisema hafai, nami nitafungua mdomo, na posa iliyopokelewa itakufa pale pale, fatiha ikiwa ndiyo kwanza imesomwa. Akisema anafaa, amekuwa mwongo mbele ya watu aliowadanganya.

Ndipo harufu ya nywele zinazoungua iliponijia.

Ningeitoa sumaku na kuipitisha, kifaa kingefanya kazi yake, lakini sauti ingepotea na Asuman angepata pa kutokea. Niliamua kubaki. Nilijiambia kama ni kuanguka nitaanguka akishajibu. Vidole vya mkono wa kushoto vilianza kucheza, nikavificha ndani ya mtandio. Nikasema mara ya tatu, taratibu, "Anafaa, au hafai?"

Akasema, "Anafaa."

"Sema lote."

"Anafaa. Nilikosea."

Mjomba Shakib si mtu wa maneno mengi. Aliwageukia wazee akauliza: kama anafaa, basi mtoto alichukuliwa kwa sababu gani? Niling'oa plasta, nikapitisha sumaku, koo likanibana, nikaketi. Kifafa kilipita mkononi tu. Latifah alinishika bega mpaka kikaisha, na hakuna mwingine aliyeona. Nilipoanza tena kusikia vizuri walikuwa wanazungumza Shamsia arudishwe lini.

Sikumtaja Zulaikha. Sikulitamka jina lake. Lakini usidhani ni kwa huruma. Nisingepata jibu, ningelitamka. Barua yako hata kama ingefika mapema, sijui kama ningeketi.

Nilifurahi. Nilifurahi njia nzima mpaka Nateete.

Ruqayya


Doha, 12 Januari 2025

Dada Ruqayya,

Salaam kwenu. Mwaka umeanza na vumbi huku. Nimehamishiwa jengo jingine, halina vioo.

Nimefurahi Shamsia amerudi. Mama aliponiambia kwenye simu nililia, naye akanikataza kulia kazini.

Lakini lazima nikuambie yaliyokuwa nyuma ya pazia. Zulaikha alisikia kila neno. Alijua unamzungumzia yeye. Alikaa pale akingoja jina lake, na hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Wewe ulipokuwa unasubiri jibu la Asuman, yeye alikuwa anasubiri lako. Alianguka chumbani baada ya wageni kuondoka, akajigonga ukutani, ana kovu kwenye nyusi. Hakutaka nikuambie. Nakuambia kwa kuwa tulikubaliana, wewe na mimi, kwamba karatasi haina mtandao mbaya.

Ndoa ipo. Nakuja baada ya Idi. Naomba uende kwake umwombe radhi kabla sijafika. Sitaki kuingia nyumba ambayo mke wangu anamwogopa dada yangu.

Abubakar


Nateete, 6 Machi 2025

Mdogo wangu Abubakar,

Assalamu alaykum, na Ramadhani njema. Mama anafunga ingawa daktari amemkataza, na akiulizwa anasema daktari ni mtoto. Goti amekubali kulionyesha. Dukani tumeingiziwa mashuka ya Idi.

Nilikwenda kwa Zulaikha. Alinipokea amesimama na hakunikaribisha kiti. Kovu nililiona. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Akasema, "Ulinishika mimi shingoni ili umkabe kaka yangu." Nilimwambia ndiyo, ndivyo nilivyofanya. Aliniuliza kama ningelitaja jina lake. Ningeweza kumdanganya, na wewe ungependa nimdanganye. Nilimwambia ningelitaja. Akasema angalau mimi simwiti mgonjwa wa macho, kama wanavyowaambia wageni kwao. Hakunisamehe. Wiki iliyofuata alikwenda Mulago na Latifah, si na mimi, akaonana na Daktari Akullo. Sijui walizungumza nini, na sitauliza.

Hasifah anaendelea vizuri kwa dawa. Asuman alimtuma Mjomba Shakib aniombe msamaha kwa niaba yake. Alitaka tuyamalize kabla ya ndoa, tuonekane watu wa nyumba moja. Nilimwambia Mjomba amjibu hivi: mtoto wake nitamshika mkono mpaka kliniki kila siku atakapoitwa, hata akifikisha umri wa kuwa bibi. Yeye simsamehi. Kwenye harusi yako nitakula nyama na nitampita kama nguzo. Mjomba alisema moyo mgumu haumfai mwanamke. Nilimmiminia chai.

Usiniombe nibadilike. Nimejaribu kutafuta mahali ambapo majuto yangekuwa, na juu ya Asuman sikupata hata kidogo. Juu ya Zulaikha ninayo, na nitakaa nayo.

Kuhusu Shamsia, nisikufiche. Mwezi wa kwanza hakuniita Mama. Aliniita "wewe." Alilala na viatu karibu ya kitanda. Nikikohoa anaacha anachofanya na kunitazama mikono. Sikumlazimisha. Nilimwonyesha kifaa kilipo, akakigusa juu ya ngozi kwa kidole, akauliza kama kinauma, nikasema kinakwaruza tu.

Jumanne nilianguka. Mchana, jikoni, kwa ghafla, sumaku ikiwa chumbani. Ilikuwa muda mrefu sijaanguka namna ile. Nilipofungua macho nilikuwa nimelazwa ubavu, na chini ya kichwa kulikuwa na shuka moja la dukani, jipya, bado na karatasi yake. Sufuria ilikuwa imeondolewa motoni. Shamsia alikuwa ameketi sakafuni kando yangu na daftari la hesabu juu ya magoti.

Akauliza, "Umemaliza?"

Nikamwambia nimemaliza.

Akaniambia basi nisimame taratibu, na kwamba kuna swali la sehemu, mbili na theluthi, linamshinda.

Tunakungoja baada ya Idi.

Dada yako,
Ruqayya